Siku Kumi na Moja za Etiye Beletu

Mimi ndiye mchekeshaji wa mtaa wa Gwaro. Sikuchaguliwa na mtu, nilizaliwa na huu mdomo. Shuleni nilitolewa nje ya darasa mara nyingi kuliko nilivyoingia, na bado nikamaliza sekondari, jambo ambalo walimu wenyewe walishindwa kulielewa. Kwa hiyo chama cha mtaa kilipotafuta mtu wa kushika kipaza sauti, hakuna aliyeuliza ni nani. Walisema tu, "Mwiteni Rediet, lakini mwambieni asiwataje marehemu."

Nayasema haya mapema ili usije ukadhani nimesahau kazi yangu. Hii haichekeshi. Nina hasira tangu Hamle, mwezi wetu wa mvua kubwa; mvua zimekuja zimeondoka, maua ya mwaka mpya yamechanua yamenyauka, na mimi bado nina hasira. Nikikaa kimya inanipanda kichwani. Nikiongea, angalau inatoka.

Tuanze na chama, kwa sababu ni kizuri, na hapo ndipo penye uchungu wote.

Miaka miwili iliyopita Gwaro haikuwa mtaa, ilikuwa shimo lenye nyumba pembeni. Madereva wa teksi walituita hivyo hivyo: "Shimoni, anashuka mtu Shimoni?" Na wewe unashuka, unavua viatu, unapandisha suruali, unaenda kwenu. Tulichokuwa nacho cha maana ni chama chetu cha kuzikana, edir yetu, kama kila mtaa wa Addis Ababa ulivyo na yake. Tuna hema letu, masufuria yetu makubwa, mabenchi yetu, na mpiga mbiu wa kutangaza kifo. Ukifa Gwaro unazikwa vizuri sana. Ukiishi, shauri lako.

Ndipo Gashe Fantahun akasimama kwenye mkutano. Ni mwenyekiti wetu, mpima ardhi mstaafu, mzee mrefu anayetembea na mwavuli hata kiangazi, na watu wakimwita Gashe, yaani mzee wetu, wanamaanisha kweli, maana hana mtoto lakini kila mtu ni mtoto wake. Akasema, "Ndugu zangu, kuzikana tunajua. Hivi kuishi pamoja tunajua?"

Jumamosi iliyofuata tulikuwa kumi na moja na makoleo manne. Jumamosi ya tatu tulikuwa sitini. Tulizoa taka ambazo chini yake tulikuta taka za wazazi wetu. Tulichimba mfereji. Tulibeba mawe ya kuchonga kutoka juu barabarani, moja moja, mgongoni, na tukayapanga wenyewe hadi njia yote ikawa ya mawe kuanzia mlango wa mtaa hadi kisimani. Tukapaka kuta rangi ya manjano. Tukapanda maua kwenye makopo ya mafuta. Hakuna aliyelipwa. Siku dereva mmoja aliposema kwa mara ya kwanza, "Gwaro, anashuka mtu Gwaro?" mama mmoja alimbusu begani kwa furaha, na dereva akadhani anataka kushushwa bure.

Sidanganyi, nilijivuna. Nilikuwa naringa na mtaa wangu kama mtu aliyeoa mrembo.

Na aliyefanya kazi kuliko wote alikuwa Etiye Beletu.

Etiye maana yake dada mkubwa, na yeye ndiye dada mkubwa wa kila mtu. Ni mjane, mwembamba, anapika injera, mkate wetu mwembamba, za kuuza, na nyumba yake ndiyo ya kwanza unapoingia mtaani, kwa hiyo ukuta wake ndio uso wa Gwaro. Alikuwa na mtoto mmoja, Yidnekachew, sisi tukimwita Yidne. Yidne alikuwa mwashi. Alikwenda Uarabuni miaka mitatu iliyopita kujenga maghorofa ya watu, akasema atakaa miwili. Mimi nilisoma naye. Alikuwa na meno makubwa na roho nzuri, na mimi kwa utani wangu nilitangaza kwamba akirudi na jokofu nitaolewa naye. Tangu hapo Etiye Beletu akawa mama mkwe wangu.

"Mama mkwe," namwambia kila nikipita, "mume wangu amepiga simu?"

"Hajapiga. Anasubiri ujifunze kupika."

"Mwambie nimeshajua kuchemsha maji."

"Nilisikia. Nilisikia pia kwamba yaliungua."

Hivyo, kila siku. Alikuwa anacheka kwa kuziba mdomo na ncha ya mtandio, kama msichana.

Basi ikaja habari kwamba ofisi ya jiji inashindanisha mitaa. Wakaguzi watapita Jumapili, tarehe ishirini Hamle, kuangalia usafi na mshikamano, na mtaa utakaoshinda utapewa bao. Narudia: bao. Si bomba la maji, si taa za njiani. Bao la shaba lenye maandishi, la kutundika ukutani. Lakini ungetuona! Watu walisugua mawe kwa brashi za viatu. Gashe Fantahun alipita na uzi kupima kama makopo ya maua yamenyooka. Etiye Beletu akapaka ukuta wake upya, mara mbili, kwa sababu ya kwanza ilinyeshewa. Na kwa kuwa kahawa yake haina mfano, akachaguliwa kuwakaribisha wakaguzi kwa kahawa.

Jumatano tulifanya majaribio. Nilishika kipaza sauti, vijana wakapiga ngoma, na Etiye Beletu, mwanamke wa miaka hamsini na tano, akaingia katikati ya njia akacheza mabega. Alicheza! Mabega yalikuwa yanatetemeka kama yana injini, shingo inakwenda huku na huku, na mimi napiga kelele, "Mkwe wangu huyo! Jokofu lije lisije, naolewa na mama!" Vijana wakaanguka kwa kicheko.

Wamama watu wazima hawakucheka. Niliona hilo. Mama yangu aligeuka akaingia ndani. Nikadhani jino linamsumbua.

Alhamisi asubuhi nikaenda kwa Gashe Fantahun kuchukua majina ya wakaguzi. Barazani palikuwa na kamati nzima, watu saba, na mama yangu ni mmoja wao. Nilipoingia nikamkuta Gashe anasema, "Jumatatu alfajiri. Kabla ya hapo, hapana." Wakaniona.

"Haya," nikasema, "nani anaolewa bila kuniambia? Maana nina gauni moja tu na limefuliwa."

Mke wa Gashe Fantahun akafunika uso kwa mikono miwili akaanza kulia.

Mama akanishika mkono akanitoa nje hadi nyuma ya tangi la maji. Akaniambia kwa sauti ndogo. Yidne ameanguka kutoka ghorofani. Rafiki yake alipiga simu kwa Gashe, kama ilivyo kawaida, maana hakuna mtu mwenye akili anayempigia mama mzazi. Wamemzika huko huko.

"Lini?" nikauliza.

"Tarehe tisa."

Ilikuwa tarehe kumi na saba.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu usipoelewa hapa utaona sisi ni wanyama, na sisi si wanyama. Kwetu habari ya kifo cha mbali haimwagwi mlangoni kama maji ya kuoshea vyombo. Simu inakwenda kwa jirani. Jirani anawaambia wazee. Wazee wanatafuta ndugu, wanahakikisha mtu amekula jana yake na amelala, kisha wanamwendea alfajiri kabla hajatoka, wanaingia kimya kimya, na wanawake wawili wenye nguvu wanakaa kulia na kushoto kwake kabla neno halijasemwa. Baba yangu alipokufa safarini nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nakumbuka mkono uliowekwa mgongoni kwangu nikiwa bado sijui chochote. Mkono ulikuwa wa Etiye Beletu. Kila mtu Gwaro aliyewahi kupewa habari ya kifo, huyo mama alikuwa pembeni yake. Ndiyo kazi yake, kama mimi na kipaza sauti.

Kwa hiyo kuficha siku moja naelewa. Siku mbili, ndugu wako mbali, naelewa. Lakini ndugu wa Etiye Beletu wanakaa mwendo wa saa moja kwa basi. Siku nane!

Nilirudi barazani nikiwa nimesahau adabu.

"Gashe, mnamsubirisha nini?"

Kamati ikatazama viatu vyake. Gashe Fantahun akaweka mwavuli chini. "Kaa, mwanangu."

"Sikai."

"Basi simama, lakini usipige kelele. Tukimwambia, hema lazima lisimame siku tatu. Litasimama wapi? Njiani, hapana pengine. Watakuja watu mia tatu na matope yao. Tutawasha moto wa masufuria juu ya mawe. Wakaguzi wanakuja Jumapili, na hawarudi tena."

"Wasirudi! Kwani ni malaika?"

"Rediet, miaka miwili ya watu. Na yeye mwenyewe kafanya kazi kuliko sisi sote. Unataka tumharibie siku yake? Angejua, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kusema tusubiri."

"Basi twende tukamuulize."

Mtu mmoja akakohoa. Nikasema, "Chama kiliundwa ili kuzika watu, leo kinaficha maiti ili kipate bao," na mama yangu akasema, "Inatosha!" kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nilipokuwa mdogo.

Gashe Fantahun hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema polepole, "Wewe ni mtoto. Habari ya kifo si kazi ya mtoto. Moyo wake unamsumbua, unajua. Ukiropoka njiani, akaanguka bila mtu wa kumshika, utalibeba wewe hilo, si mimi."

Na alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniuma. Alichukua mila nzuri, safi, akafunga mlango nayo, na funguo alikuwa nazo yeye.

Nikatoka. Na nani nimkute mlangoni pa nyumba ya kwanza, ameinama, anafuta tone la rangi kwenye jiwe kwa ukucha?

"We mkwe!" akasema. "Mbona uso kama injera ya juzi?"

Sikiliza nilichosema. Nilisema, "Nina njaa, mama mkwe. Mume hatumi kitu." Akacheka, akaziba mdomo kwa mtandio. Akaingia ndani akaniletea injera ya moto na mchuzi wa dengu, akasimama kunitazama nikila. Nikala yote. Nikamwambia chumvi imezidi, ndiyo maana Yidne alikimbia. Akacheka tena.

Kama kuna Mungu anayeandika, hilo ameliandika kwa herufi kubwa.

Ijumaa na Jumamosi nilizunguka kwa wazee. Mpiga mbiu akasema yeye hupiga anapoambiwa. Mzee wa kanisani akasema Jumatatu si mbali. Jirani wa Etiye Beletu, Weyzero Tewabech, yaani Bi Tewabech, mwanamke mwenye mikono kama ya mbeba mizigo, akalia na kusema usiku halali, anamsikia mwenzake anaimba anapopika, lakini kamati imesema. Kamati imesema! Miaka miwili tulikuwa tunajipongeza kwamba Gwaro kila mtu ana sauti, na sasa kila mtu ana sauti ya kuniambia Jumatatu.

Nikamgeukia mama yangu. "Ingekuwa mimi nimekufa, na wewe uko njiani unacheza mabega?"

Mama alikuwa anachambua ngano. Hakuinua kichwa. "Ingekuwa wewe," akasema, "na mtu akaniongezea siku kumi na mbili zaidi za kuwa na mtoto, nisingemlaumu. Ningempigia magoti."

Nimelitafuta jibu tangu siku hiyo. Nililopata ni hili tu: kama wangempa zile siku kwa ajili yake, sawa. Hawakumpa. Walikuwa wanazitumia wao.

Jumapili ikafika, na jua likatoka, jua la kipumbavu ambalo halikuonekana mwezi mzima. Njia ilikuwa inang'aa. Mbele ya nyumba ya kwanza walikuwa wametandaza majani mabichi, makaa yanafuka ubani, vikombe vimepangwa, bisi zimejaa ungo. Etiye Beletu alivaa gauni jeupe lenye mshono wa kijani. Alikuwa mzuri kama amekuwa bibi harusi mara ya pili.

Wakaguzi walikuwa watatu: mwanamke mwenye daftari, kijana mwenye kamera, na bwana mmoja mnene aliyekuwa anakanyaga mawe yetu kwa tahadhari, kana kwamba ni mayai. Mimi nilisimama na kipaza sauti kama mti. Gashe Fantahun alinitazama, nikasoma jina la mtaa na idadi ya nyumba, basi.

"Huyu ndiye mchekeshaji wenu?" akauliza bwana mnene. Watu wakacheka kwa nguvu kupita kiasi.

Wakakaa. Etiye Beletu akamimina kahawa ya kwanza. Mwenye daftari akanywa, akafumba macho, akasema, "Mama, hii kahawa ni dawa. Una watoto wangapi?"

Nakuapia, ndege waliacha kulia.

"Mmoja," akasema Etiye Beletu, "lakini ana kelele za watano. Ni mwashi, yuko Uarabuni. Akirudi ataanza na haya mawe, atasema tumeyapanga vibaya, tuyang'oe yote!" Akacheka. Wakaguzi wakacheka. Kijana mwenye kamera akasema, "Mpigieni simu basi, mama, tumwonyeshe mtaa wake! Picha ya mama na mtoto, itapendeza sana."

"Baadaye," akasema Gashe Fantahun haraka. "Kwanza twende kisimani."

"Kwa nini baadaye, Gashe? Kisima kitakimbia?" Etiye Beletu alikuwa ameshasimama, anafuta mikono. "Simu yangu haimpati wiki hizi, ni mtandao. Rediet, wewe una simu nzuri. Mpigie mumeo."

Watu wote wa Gwaro walikuwa pale. Watu mia mbili na zaidi, nguo nyeupe. Mimi nilikuwa na kipaza sauti mkono wa kulia na simu mkono wa kushoto.

"Mpigie," akasema.

"Siwezi, Etiye."

"Umeniitaje?"

Nimemwita mama mkwe miaka mitatu. Akanitazama usoni, kisha akaanza kuwatazama wengine mmoja mmoja, na kila aliyemtazama aliinamisha kichwa. Halafu akageuka kulia, na pale kulia kwake alikuwa amesimama Weyzero Tewabech. Akageuka kushoto, mama yangu. Hakuna aliyewaamuru. Walikuwa wamesogea wenyewe, miguu iliwapeleka. Na Etiye Beletu alizijua nafasi hizo mbili kuliko mtu yeyote mjini. Amezikalia yeye miaka thelathini.

Akaweka birika chini taratibu, juu ya majani.

"Lini?" akasema.

Gashe Fantahun akafungua mdomo, akasema mambo ya Mungu na nguvu na uvumilivu.

"Nimeuliza lini."

"Tarehe tisa," nikasema mimi. Neno lilitoka kwenye kipaza sauti. Sikuwa nimekizima. Lilikwenda hadi kisimani likarudi.

Mama yangu na Weyzero Tewabech wakamshika mikono. Akawasukuma wote wawili. Mwanamke mwembamba vile, akawasukuma wakapepesuka. Hakulia. Alinyoosha kidole kwenye ukuta wake wa manjano.

"Tarehe kumi na mbili nilipaka huu ukuta. Wewe Tewabech ulinishikia ngazi. Ulinishikia ngazi! Tarehe kumi na tano nikapaka tena. Jana nilibeba mawe ya kisimani, na wewe, Gashe, uliniambia, 'Pumzika, Beletu,' nikadhani unanionea huruma ya mgongo." Akahema. "Jumatano nilicheza. Mlikuwa mmesimama hapa hapa. Mtoto wangu yuko chini ya mchanga wa watu, na mimi nimecheza mabega katikati ya njia, na nyinyi mkanipigia makofi!"

"Beletu, dada yangu," akasema Gashe Fantahun, "tulitaka upate siku yako..."

"Siku yangu! Nani alikuomba siku? Nimekaa pembeni ya wangapi katika mtaa huu? Nimemwacha nani aimbe hajui amefiwa? Mkeo alipofiwa na mama yake nilikuja kwako kabla ya jogoo, bila viatu. Ungeniambia siku ile, 'Beletu, subiri, kuna wageni,' ningekutemea mate."

Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe. Umejua lini?"

"Alhamisi."

"Asubuhi au jioni?"

"Asubuhi."

Akatikisa kichwa. Nilimwona anakumbuka ile injera, ile chumvi. Hakunitukana. Ningetoa jicho moja anitukane. Halafu akaanguka, na safari hii walipomshika hakuwasukuma, na ile sauti ikatoka. Sitaielezea. Kijana alikuwa bado ameshika kamera, Weyzero Tewabech akampiga kofi mkononi, kamera ikaanguka juu ya mawe yetu mazuri.

Wakaguzi waliondoka bila kwenda kisimani.

Hema lilisimama kabla ya saa sita. Gashe Fantahun mwenyewe alipigilia vigingi katikati ya mawe, aliyang'oa mawe mawili yaliyokuwa yanazuia, analia, mzee wa miaka sabini, pua inachuruzika. Mvua ikarudi. Watu walikuja kutoka mitaa yote, mia tatu kweli, na matope yao. Tukawasha moto juu ya mawe. Siku tatu Etiye Beletu alikaa ndani ya hema, akapokea mkono wa kila mgeni, na mtu wa Gwaro akiingia, yeye alifumba macho hadi mtu huyo atoke.

Unadhani imeisha. Hata mimi nilidhani.

Baada ya wiki tatu barua ikaja. Tumeshinda. Gwaro ni wa kwanza! Niliisoma mimi mwenyewe mbele ya mkutano, kwa kuwa mimi ndiye mwenye sauti. Usafi, alama nzuri. Maua, alama nzuri. Na chini: "Mshikamano wa wakazi katika msiba tulioushuhudia umetugusa sana. Alama zote." Alama zote! Nilicheka. Nilicheka hadi nikakaa chini, na hakuna aliyecheka nami, na mama akanitoa nje kwa mara ya pili.

Bao likaletwa limefungwa kwa kitambaa. Sehemu yake, kila mtu alijua, ni ukuta wa nyumba ya kwanza. Kamati ikaenda, watu saba, na mimi nyuma na misumari, maana mtu wa kubeba misumari hakosi kuwa mimi. Etiye Beletu alikuwa amekaa kwenye kizingiti, amevaa nyeusi, anachagua dengu. Hakusimama.

Gashe Fantahun alivua kofia. Akasema si kwa ajili ya kamati, ni kwa ajili ya mtaa. Akasema kama hataki, litakwenda stoo, na yeye binafsi anaona liende stoo, na ameshaandika barua ya kuacha uenyekiti. Nilikuwa nimesubiri hayo maneno, na yalipokuja hayakunipoza hata kidogo.

"Litundikeni," akasema Etiye Beletu.

Tukatazamana.

"Litundikeni, nimewaambia. Mawe nimebeba, ukuta nimepaka. Ni langu pia." Akaweka ungo chini. "Lakini chini yake nataka tarehe mbili. Aliyokufa mwanangu, na niliyoambiwa. Bila maneno mengine. Mgeni akiuliza, mtamweleza nyinyi."

Gashe Fantahun akashika ukuta. Mtu wa kamati akaanza, "Etiye, wageni wataonaje..." na mama yangu, mama yangu yuleyule wa Jumatatu alfajiri, akamgeukia na kusema, "Nyamaza, mwanamume."

Bao likapigiliwa. Nikapewa brashi na rangi nyeusi, kwa sababu ya shule. Niliandika tarehe tisa Hamle. Nikaandika tena juu yake ili ikolee. Nikaandika tarehe ishirini Hamle. Watu walikuwa wameshatoka nje ya nyumba zao, wamesimama njiani, wanasoma kama hawajui kusoma.

Nikaanza kufuta brashi.

"Bado," akasema Etiye Beletu.

Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu siku ile. Nikageuka. Alikuwa amerudi kwenye dengu zake, hanitazami.

"Katikati hapo pana nafasi," akasema. "Andika na Alhamisi yako."

Nikachovya brashi.